Dagaa wa Pasaka

Skolastika anaanika dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Hufika alfajiri, mitumbwi inaporudi kutoka ziwani. Wavuvi wa dagaa huenda kuvua usiku wa giza, maana taa zao ndizo zinazovuta dagaa. Mbalamwezi ikiwa kali, dagaa hutawanyika, na mitumbwi hupumzika siku kadhaa. Jambo hilo kila mtu mwaloni analijua.

Miaka mitatu iliyopita Skolastika alijitapa mbele ya akina mama wa kanisa. "Wageni wa Pasaka watakula dagaa wangu wabichi!" Pasaka ikafika, mitumbwi iko ufukweni, wakavu ameshawauza wote, dagaa hakuna. Wanakwaya kutoka Kidahwe wakala maharage. Tangu siku hiyo wanamwita Mama Maharage. Jina hilo lilimuuma sana.

Mwaka huu kwaya ile ile inakuja tena. Pasaka ni tarehe tano Aprili. Skolastika aliapa kulifuta jina hilo mbele ya wale wale waliompa.

Mwanzoni mwa Machi alimwendea Mzee Nasri, mwenye mitumbwi miwili.

"Shikamoo, Mzee Nasri."

"Marahaba, mama. Karibu."

"Niwekee ndoo sita za dagaa wabichi, za Jumamosi ya kuamkia Pasaka."

Mzee Nasri akacheka. "Mimi ni Mwislamu, mama, lakini macho ninayo. Pasaka yenu haiji gizani. Ikifika, mwezi umeshakuwa mkubwa, sisi tunashona nyavu."

"Basi hao wanaopanga tarehe hawatupendi!"

Akaondoka na hasira zake mpaka kwa Pastory, katekista wao.

"Mwalimu, Krismasi haihami. Kwa nini Pasaka inahamahama, tena inafuata mbalamwezi?"

Pastory alimfungulia Biblia, kitabu cha Kutoka. Skolastika amejifunza kusoma ukubwani. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, mpaka akafika kwenye siku ya kumi na nne ya mwezi.

"Miezi ya Wayahudi huanza mwezi unapoandama," Pastory alisema. "Haya, siku ya kumi na nne mwezi ukoje?"

"Mkubwa, umejaa." Skolastika akainua kidole kutoka kwenye mstari. "Mitumbwi haitoki!"

"Ndiyo Pasaka yao hiyo. Wanakumbuka Mungu alivyowatoa utumwani Misri. Yesu alikuwa Myahudi. Alisulubiwa siku za Pasaka hiyo, akafufuka Jumapili. Kwa hiyo sisi tunasherehekea Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia Machi ishirini na moja. Miaka mingine hesabu zetu na zao hupishana, lakini chanzo ni kimoja."

"Na Pentekoste?"

"Wao wana sikukuu siku ya hamsini baada ya Pasaka. Na sisi tunahesabu hamsini."

"Kumbe!" Skolastika akapiga makofi. "Mwezi ninaoulaumu ndio mwezi wa Pasaka yenyewe!"

Hakungoja Aprili. Katikati ya Machi, giza lilipokuwa zito, alinunua ndoo sita kwa Mzee Nasri. Aliwaanika dagaa kwenye vichanja, si mchangani. Wingu likitanda, aliwafunika kwa turubai. Walipokauka vizuri aliwaweka kwenye magunia makavu.

Jumapili ya Pasaka aliwakaanga kwa mawese, vitunguu na pilipili. Gasper, kiongozi wa kwaya, aliitazama sahani, akaitazama mitumbwi iliyolala ufukweni.

"Mama, hawa mmewapata wapi na mbalamwezi hii?"

Skolastika alijifunga kanga vizuri, akasimama wima. Akawaeleza yote: Misri, siku ya kumi na nne, mwezi mpevu, Jumapili, na giza la Machi alipowanunua na kuwaanika. Kwaya nzima ilisikiliza, wengine vijiko vikiwa hewani.

"Na mwakani Pasaka ni lini?" Gasper aliuliza.

"Machi ishirini na nane. Mzee Nasri nimeshamwambia."

Gasper akanyoosha sahani yake kwa mikono miwili.

"Mwalimu Skolastika, naomba uniongeze."

Skolastika alimjazia mpaka dagaa wakamwagika.