Mabati Chini ya Nyasi

Mvua ikianza kunyesha, familia ya Bizeki ilihama. Haikuhama kijiji. Ilihama kutoka kona hii ya nyumba kwenda kona ile.

"Baba Tiyamike, sogea," alisema Enelesi, mkewe. "Tone limefika kwako."

"Nimeshasogea. Sasa niko ukutani."

"Basi ingia ndani ya ukuta."

Paa lao la nyasi lilikuwa limechoka. Waliweka sufuria hapa, beseni pale. Binti yao mdogo, Tiyamike, alikohoa. Kila msimu wa mvua kifua chake kilibana. Unga ulilowa kwenye gunia na kuota ukungu. Enelesi alijua kupika maandazi kuliko mwanamke yeyote pale kijijini, lakini nani atanunua andazi linalonuka uvundo?

Bizeki hakuwa mvivu. Asubuhi alilima shamba la mkewe, mchana alilima kibarua kwa wenye tumbaku. Ila alikuwa na imani moja, na imani hiyo alifundishwa na wakubwa wa serikali.

Kila mwaka wakubwa walikuja na gari kuandika majina ya maskini wa kupewa mbolea ya bei nafuu. Hawakuuliza mtu amelima kiasi gani. Walitazama paa. Mwenye nyasi aliandikwa, mwenye mabati alikatwa. Kwa hiyo mlio wa gari ukisikika, kijiji kizima kilifukarika papo hapo. Redio ziliingia chini ya vitanda. Kuku walifukuziwa vichakani. Jirani mmoja alizika baiskeli kwenye ghala la mahindi, panya wakala kiti.

Bizeki yeye alikuwa na shati la siku hiyo, limechanika vizuri mgongoni. Alilifua, akalikunja, akalitunza kuliko shati la kanisani. Mwaka mmoja Enelesi alilishona, kwa mapenzi tu. Bizeki alisusa nsima, ugali wao, siku nzima.

"Umeziba riziki yetu," alisema.

"Nimeziba mgongo wako."

Ndivyo wakubwa wanavyomlea mtu mzima. Ukiinuka wanakukata, ukilala wanakupa.

Sasa mwaka huo, kiangazi, akaja binti mmoja kwa pikipiki. Aliitwa Lusungu, mfanyakazi wa shirika la misaada. Aliwakusanya watu uwanjani akasema kila nyumba itapewa fedha kwa simu, zaidi ya mara moja, na kila nyumba itaamua yenyewe cha kuzifanyia.

Kisha mama mkwe wa Bizeki akauliza, "Tutazirudisha lini?"

"Hamtazirudisha, bibi."

"Mtakuja kuchukua watoto?"

"Hatuchukui mtoto wala kuku. Na mtu yeyote akikuomba fungu, hata akisema katumwa na mfumu au na mimi, usimpe. Nipigieni simu. Namba ya siri ya simu yako ni yako wewe. Usimtajie mtu."

Msaidizi wa mfumu, yaani wa mkuu wa kijiji, alikuwa amekaa mbele. Alitazama viatu vyake kwa muda mrefu.

Fedha zikaingia. Bizeki alitazama ule ujumbe, akampa Enelesi asome, akachukua simu, akampa tena.

"Umeshasoma," alisema Enelesi. "Hazitaongezeka kwa kusomwa. Sikiliza. Kwanza paa, mtoto apumue. Kitakachobaki tununue mbuzi wawili, na mfuko wa unga wa ngano nianze maandazi."

"Na mbolea? Wakiona mabati watatukata."

"Basi mtoto akohoe ili sisi tupate mbolea?"

Bizeki alinunua mabati kule boma, mji wa wilaya. Akayaleta kwa mkokoteni wa ng'ombe, akayafunika kwa mabua ya mahindi, Jumapili watu wakiwa kanisani. Akayapigilia. Kisha, jasho likimtoka, akapanda tena na matita ya nyasi na kuyafunika mabati yote, mpaka nyumba ikaonekana maskini kuliko zamani.

Enelesi alisimama chini, mikono kiunoni.

"Baba Tiyamike, umelivalisha paa shati lako."

"Wakubwa wakija watapita."

Mbuzi nao wakafungiwa chumbani.

Mvua zikaanza. Wiki chache baadaye Lusungu akarudi kuona watu wanaendeleaje. Bizeki alimpokea kibarazani. Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka hapo karibu, anamenya karanga. Bizeki alikaa mbali naye na kuinamisha macho, maana mwanamume aliyekuja kuoa na kujenga kwa kina mkewe humheshimu mama mkwe kuliko mfumu.

"Fedha mlizifanyia nini, baba?" aliuliza Lusungu.

"Vitu vidogo vidogo."

Mbuzi akalia ndani, mee.

Bizeki akakohoa haraka. Mbuzi akalia tena, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa.

"Kuna nani ndani?" aliuliza Lusungu.

Bizeki alitaja jina la kwanza lililomjia. "Ni mama mkwe wangu. Anaumwa."

Karanga zikaacha kumenywa.

"Mimi?" alisema mama mkwe. "Mimi ndiye ninayelia hivyo?"

Bizeki alitamani ardhi ifunguke. Kabla haijafunguka, mlango ulifunguka. Mbuzi jike alitoka na kamba shingoni, akapanda kichuguu kilichoegemea nyumba, akarukia ukingo wa paa na kuanza kula. Alivuta tita moja, likaanguka. Akavuta la pili. Jua lilikuwa limetoka baada ya mvua. Bati likamulika uwanja mzima.

"Ana njaa huyo mama mkwe," alisema Lusungu.

Enelesi alicheka mpaka akakaa chini. Mama mkwe hakucheka. Alitangaza faini ya kuku, tena jogoo, hapo hapo.

Kicheko kilipotulia Lusungu alimwuliza Bizeki, bila kejeli, kwa nini amefanya hivyo. Bizeki akamweleza habari ya mbolea.

"Baba, mimi siwezi kukuahidi kuhusu mbolea," alisema Lusungu. "Hiyo ni ya wakubwa, siyo yetu. Labda watakukata kweli. Lakini njoo utazame."

Aliinua nyasi kidogo kwa fimbo. Chini yake bati lilikuwa limelowa, na karibu na misumari kutu ilikuwa imeanza. Mchwa walikuwa wanapanda.

"Nyasi zinashika maji juu ya bati. Ukiziacha, paa lako litatoboka, na utakuwa maskini wa kweli, hutahitaji kuigiza. Ziondoe. Weka mfereji wa bati ukingoni na pipa chini yake. Mama atapata maji ya kupikia bila kwenda kisimani. Na hao mbuzi wajengee banda la juu, lenye sakafu ya miti yenye nafasi. Kinyesi kikianguka chini utakizoa upeleke shambani."

"Na mbolea ya dukani?"

Enelesi akajibu kabla ya mgeni. "Maandazi yatainunua. Kila siku ya soko natenga kidogo. Ulikuwa hunisikilizi, ulikuwa unasikiliza gari."

"Wakitukata?"

"Watukate. Mtoto hajakohoa tangu mvua zianze. Au hukuona?"

Bizeki hakuwa ameona. Alikuwa na shughuli ya kuficha. Alimtazama Tiyamike, aliyekuwa anamkimbiza mbuzi wa pili kuzunguka nyumba, anapiga kelele kwa kifua kizima. Akatafuta ngazi.

Jioni hiyo nyasi zote zilikuwa chini, na mbuzi walishiba.

Mwaka uliofuata mbuzi jike alizaa mapacha. Enelesi alikaanga maandazi kila soko, unga wake mkavu. Fungu la pili la fedha lilimpa karai kubwa na mfuko mwingine wa unga. Fedha alizotenga, na bei ya mbuzi mmoja, zilinunua mbolea dukani kabla ya wingu la kwanza. Walipanda mvua ilipogusa ardhi.

Mahindi yakiwa yamefika gotini, wakubwa waliita mkutano. Mgeni wa heshima alihutubu sana, kisha msaidizi wa mfumu akasoma majina ya waliopata mbolea. Jina la Bizeki halikuwamo. Watu wakageuka kumtazama, tayari kumpa pole.

Bizeki alinyanyuka, akajipangusa vumbi, akachukua jembe lake.

"Shemeji, unaondoka kwa hasira?" alinong'ona jirani wa ile baiskeli.

"Hapana. Palizi imenibana. Mbolea yenu iko wapi?"

"Wanasema iko njiani."

"Ikifika niamsheni," alisema Bizeki, akaenda shambani.