Sauti ya Herman

Kila siku akitoka shule, Limi alivua sare, akala viazi vilivyobaki, kisha akaenda kumsaidia baba yake. Marcel, baba yake, alikuwa fundi umeme wa magari pale Mwakitolyo, kwenye machimbo ya dhahabu, na karakana yake ilikuwa ua tu wenye uzio wa minyaa. Kazi ya Limi ilikuwa kumenya nyaya, kushika tochi, na kunyamaza baba akifikiri.

Wiki hiyo walikuwa na gari la matangazo, moja ya yale yanayopita mitaani kutangaza mikutano, minada na misiba. Mwenye gari alitaka honi na vipaza sauti viwashwe kwa rimoti, ili mtangazaji akishuka aweze kuviwasha akiwa mbali. Vipaza sauti na mashine yake ya sauti vilinunuliwa kwa mjane wa Herman. Herman huyo ndiye aliyekuwa mtangazaji wa machimbo yote yale, hadi homa ilipomchukua mvua zilizopita. Mama yake, Bibi Hosiana, aliishi peke yake upande wa pili wa uzio.

Baba alikuwa amejipenyeza chini ya dashibodi akiunga nyaya. Limi akafungua boksi la vifaa, akakuta rimoti mbili, ndogo kama kiberiti. Moja akampa baba. Nyingine akaitia mfukoni kimyakimya ili akamringie rafiki yake Rebeka.

Kabla hajafika kwa kina Rebeka, Bibi Hosiana akamwita amsaidie kujaza pamba kwenye mto wa kukalia. Wakajaza, wakashona, wakatafuna michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Baadaye Limi alipotia mkono mfukoni, rimoti haikuwemo. Akatafuta njia nzima asiione.

Jioni baba akageuza boksi juu chini.

"Humu mlikuwa na rimoti ngapi?"

"Moja, baba."

Baba akasema wauzaji wa siku hizi wanapunja, akaitundika ile moja msumarini. Limi akadhani yameisha.

Kesho yake, jua la saa saba, watu wamekaa kivulini na gari limesimama tupu, honi ikalia mara mbili. Kisha sauti ikatoka.

"Haloo, haloo. Moja, mbili. Mnanisikia huko?"

Hakuna aliyeuliza ni nani. Hivyo ndivyo Herman alivyokuwa akijaribu vipaza sauti kila asubuhi. Mteja mmoja alikimbia akaacha kandambili. Marcel akatazama rimoti, ilikuwa msumarini. Akachomoa betri ya gari, akapima waya mmoja mmoja, akairudisha. Kitambo kidogo, honi mbili, na marehemu akauliza tena kama anasikika.

Ikawa hivyo kila mchana Marcel alipounga betri kutafuta kosa. Mwenye gari akakataa kulichukua. Limi naye akawa halali. Akifumba macho alilisikia lile swali, na aliona kama anaulizwa yeye.

Nimezunguka machimbo mengi, sijaona mahali habari inapokimbia kama kwenye mashimo ya dhahabu. Makoye, mchimbaji aliyekaa jirani, alichungulia uzioni akagundua jambo: Bibi Hosiana akiketi barazani, Herman anasema. Akiinuka, kimya. Basi wakasema mama amemfanya mwanawe msukule, anamtumikisha akiwa kaburini. Kisimani wakamnyima zamu ya maji. Kisha Makoye na wenzake wakaamua kwamba Jumapili, watu wakitoka kanisani, bibi afungashe aondoke. Asipoondoka, nyumba itachomwa. Marcel alikwenda kumtetea. Walimwuliza kitu kimoja tu: sauti inatoka wapi? Akarudi kuzipima nyaya upya.

Jumapili Marcel aliunga betri tena kutafuta kosa, na Limi akawatangulia wale watu kwa bibi. Alimkuta bibi ameketi juu ya mto wake, furushi la nguo pembeni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, ng'wanone, mtoto wangu. Umekuja kuniaga?"

Limi alimwuliza kama haiogopi ile sauti. Bibi akatikisa kichwa.

"Nikikaa, mwanangu ananiita. Ndiyo maana nakaa. Naogopa huko niendako hatajua nilipo."

Akainuka kwenda ndani kuchukua kanga. Limi akautazama ule mto. Akaubonyeza kwa kiganja, akahisi kitu kigumu katikati ya pamba, na ng'ambo ya uzio honi zikalia mara mbili.

Angeweza kuupasua mto, akaitumbukiza rimoti chooni. Sauti ingekoma na hakuna ambaye angejua. Lakini watu wangesema mchawi ameshtuka, na bibi angefukuzwa vilevile.

Makoye na wenzake walikuwa wameshafika, na Marcel amesimama mbele yao akibembeleza. Limi akatoka ameukumbatia mto.

"Baba, rimoti zilikuwa mbili," alisema. "Nilikudanganya."

Akaubonyeza mto. Honi zikalia, Herman akauliza. Limi akafumua mshono, pamba ikamwagika, rimoti ikaanguka miguuni pa Makoye. Marcel akaiokota, akaibonyeza mwenyewe, akaelewa. Herman alikuwa amerekodi maneno yake ndani ya ile mashine alipokuwa hai, na rimoti ikiiamsha, mashine inayasema.

Mmoja akatania kwamba Makoye alikuja kupigana na pamba. Makoye akavua kofia, akamwomba bibi radhi mbele ya wote, na mchana ule ni yeye aliyemchotea maji.

Marcel hakumpiga Limi. Aliitoa sauti ya Herman kwenye gari, akaiweka kwenye redio ndogo, akamwambia aipeleke mwenyewe. Bibi akaiwasha barazani.

"Mnanisikia huko?"

"Nakusikia, baba," bibi akajibu taratibu, akaizima. Kisha akamvuta Limi karibu.

"Leo umesema kweli mbele ya watu, na kweli yako imenirudishia nyumba. Ishike hivyohivyo. Ule uongo ulikuwa mdogo, unaenea kiganjani. Lakini uongo, mjukuu wangu, haubaki kwa aliyeusema. Uliusema wewe, nikaukalia mimi."