Simu Iliyochelewa kwa Saa Moja

Ndugu zangu, nisikilizeni, maana katika lawama hii na mimi nimo.

Asubuhi ile ofisi yetu ilikuwa tulivu. Feni ilizunguka polepole, na mwandishi wetu wa programu, tuliyezoea kumwita Dada Mkubwa, alikuwa akiimba chinichini huku akimalizia programu ya hospitali. Ilikuwa ya kuwaonanisha wagonjwa, kwa simu ya video, na jamaa zao walio nchi za mbali. Jamaa akipangiwa miadi, programu inamwambia apige saa ngapi kwa saa za huko aliko.

Kazi yangu ilikuwa kujaribu programu kabla hazijatoka.

"Dada," nikamwambia, "umeandika kwamba kule ng'ambo aliko mdogo wako, watu wako nyuma yetu kwa saa moja."

"Si ndivyo ilivyo? Jana tu nimeongea naye."

"Ni kwa sasa, kwa sababu ni majira ya joto. Joto likiisha wanarudisha saa zao nyuma, na tofauti inakuwa saa mbili."

Akacheka. "Wewe nawe kwa kutafuta makosa! Hiyo ni mara mbili kwa mwaka. Tutarekebisha wakati ukifika."

Sikutaka kuonekana msumbufu. Nikatia alama kwamba programu iko sawa, nikaenda kula. Wakati ulipofika, hakuna aliyekumbuka.

Miezi mitatu tangu asubuhi ile, mama yake Dada Mkubwa akalazwa kwa ugonjwa wa moyo, akapangiwa upasuaji siku ya Jumatatu. Yule mdogo wake, kitindamimba wa nyumba ile, alikuwa hajasemezana na mama kwa miaka miwili, tangu alipoondoka nyumbani akimfokea mbele ya watu. Aliposikia habari, alilia.

"Dada, nataka nimwombe radhi kwa mdomo wangu mwenyewe, kabla hawajampasua."

Miadi ikawekwa saa nne asubuhi. Programu ikamwandikia: piga saa tatu. Kiwandani anakofanya kazi simu za wafanyakazi hufungiwa kabatini, hivyo akamwomba msimamizi ruhusa ya nusu saa.

Jumapili, nchi ile ikarudisha saa nyuma.

Jumatatu saa nne mama alikuwa ameegemezwa kwenye mito, amejifunga kitambaa kipya kichwani, macho kwenye kioo cheusi cha simu. Ikapita robo saa.

"Labda ameghairi," akasema.

"Hapana, Mama, atapiga."

Dada Mkubwa alitoka nje ya wodi akampigia mdogo wake mara kumi na moja. Simu iliita tu. Saa nne na nusu wauguzi wakaja na kitanda cha magurudumu.

Mama akamshika Dada mkono. "Mwambie sina kinyongo naye. Ila ningependa kumwona."

Saa tano kamili kioo kikawaka. Kijana alikuwa amechana nywele, amevaa shati lililopigwa pasi. "Dada, nimewahi! Mama yuko wapi?"

Mama alikuwa tayari chumba cha upasuaji, na hakuamka tena.

Programu ile Dada Mkubwa aliirekebisha mwenyewe, baada ya mazishi. Ilimchukua nusu siku. Ila mdogo wake hupiga simu kila wiki na swali lilelile: "Mama alisema kweli hana kinyongo nami, au unanipoza tu?" Dada humwapia. Wiki inayofuata huuliza tena.

FUNZO

Ninyi mnaoandika programu, msiifanye tofauti ya saa kuwa namba isiyobadilika. Hifadhini jina la mahali alipo mtu, na tofauti iacheni ihesabiwe kwa orodha ya kanda za saa inayosasishwa kila nchi inapobadili utaratibu wake. Jaribuni kazi yenu kwa tarehe za kabla na baada ya saa kusogezwa.

Nanyi mnaoliona kosa kama nilivyoliona mimi, semeni mara ya pili, hata mkichekwa. Mimi nilisema mara moja nikanyamaza, na kijana yule hatapata jibu la kumtosha.