Aliyejibu Nyuma ya Kengele

Tope lilikuwa bichi. Hilo ndilo lililomkera mama mkwe kwanza, kabla hajajua kuogopa.

Jioni hiyo alikuwa anafagia chumba cha uani, pale ilipotundikwa baiskeli ya marehemu mwanawe. Gurudumu la mbele lilikuwa limepinda kama pete iliyokanyagwa, mnyororo umekatika, na tangu siku ya mazishi hakuna aliyeigusa. Sasa tope lilikuwa linadondoka kutoka kwenye meno ya tairi, tone baada ya tone, na katikati ya spoku kumenasa jani la msonobari, kijani kabisa.

"Nani kaishusha baiskeli ya mwanangu?" akauliza kwa sauti.

Mkwewe, mjane wa marehemu, alikuwa mlangoni, ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini, anavua kofia yake ya kuendeshea. "Hakuna aliyeishusha, mama."

"Basi imejishusha yenyewe ikaenda kutembea?"

Mkwe akacheka. Kicheko kizima, cha tumboni. Mama mkwe akauacha ufagio uanguke. Miezi yote tangu wazike, mtoto huyu wa watu hajacheka, na leo anacheka mbele ya tope.

Kazini walimwita Kengele, na jina lilimkaa. Alikuwa mpiga pasi kwenye dobi kubwa lililofua mashuka ya hospitali, ng'ambo ya mlima, na mdomo wake ulisikika kupita mashine. Mumewe alikuwa fundi wa boila, mtambo wa kuchemshia maji, hapo hapo. Yeye walimwita Kobe, kwa sababu ya tumbo na mwendo. Barabara ya lami ilizunguka mlima mzima, basi lenyewe likija limejaa, kwa hiyo wawili hao wakanunua baiskeli za mlimani, zile za matairi mapana, wakawa wanakata kwa njia ya msituni. Majirani walikufa kwa kucheka. Watu wazima na heshima zao, wanarudi nyumbani wamepakaa tope hadi masikioni kama watoto! Wengine walicheka kwa wivu, hilo lisemwe, maana si kila mke anarudi kutoka kazini anataniana na mumewe.

Njia ile haikuwa ya mchezo. Ina mizizi, ina mawe yanayoteleza, na juu kabisa inapita kando ya korongo. Kengele alitangulia kwa kuwa ana kasi. Kobe alifuata. Desturi yao ilikuwa moja: wa mbele akiona kitu anaita, wa nyuma anajibu.

"Mzizi!"

"Nimeona!"

"Jiwe!"

"Nimeona!"

Asipojibu, Kengele anafunga breki na kumsubiri. Akichoka na ukimya wa msitu, alikuwa anamzulia. "Simba!" anapiga kelele. Na Kobe, akihema huko nyuma, anajibu, "Mkaribishe chai!" Chai ndiyo ilikuwa ugonjwa wake. Akimaliza kikombe anakifunika kifudifudi kwenye sahani, maana asipofanya hivyo mama yake anammiminia tena. Utani huo wa simba hawakumwambia mtu. Mke na mume wana vyao.

Asubuhi ya msiba, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Pale korongoni maji yalikuwa yameula ukingo wa njia. Kengele aliona, akapiga kelele, "Ukingo!"

"Nimeona!"

Akaendelea. Alifika kwenye geti la dobi, akageuka na maneno ya kumtania yako tayari mdomoni, na nyuma yake hapakuwa na mtu. Wafanyakazi walishuka korongoni kwa mashuka waliyoyafunga mafundo, wakampandisha kwa mashuka hayo hayo.

Watu hawakosi la kusema. Walisema mke anayetangulia mbele ya mume huishia hivyo. Hayo hayakumuuma. Lililomtafuna ni lile jibu. Alisema ameona. Kama ameona, kwa nini?

Aliporudi kazini alipita njia ile ile. Mama mkwe alimsihi, hakusikia. Ukungu ulikuwa chini, gurudumu linalia tik-tik-tik kwenye mteremko, na mdomo wake ukafanya kama ulivyozoea. Hata hakujua kama ameita.

"Mzizi!"

"Nimeona."

Sauti ile ile, yenye pumzi fupi za mtu anayepanda mlima na tumbo lake. Nyuma yake kidogo, pale pale pa siku zote, gurudumu la pili likalia tik-tik-tik.

Je, alikimbia? Wewe uliyewahi kuzika utajua kwa nini hakukimbia. Aliita jiwe, akajibiwa. Aliita tope, akajibiwa. Alipofika getini alikuwa analia na kutabasamu kwa pamoja, na hakugeuka, kwa kuogopa kwamba akigeuka hapatakuwa na mtu tena.

Tangu siku hiyo akawa anaamka mapema kuliko jogoo. Akawa anajipaka mafuta. Mkunja mashuka, mwanamke wa meza ya jirani ambaye hakuna habari inayompita, alimtazama akamwambia, "Shoga, wewe una mtu."

"Ninaye," Kengele akasema.

"Mbona basi unakonda?"

Na kweli alikuwa anakonda. Nguo zilimning'inia. Chakula hakikupita. Nyumbani mama mkwe alianza kusikia baiskeli mbili zikiegemezwa ukutani, moja kisha nyingine, na harufu ikaingia nyuma ya mkwewe, harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji.

Jioni moja akamfungia njia mlangoni. "Mwanangu, unazungumza na nani huko msituni?"

Kengele akanong'ona, uso ukimng'aa, "Mama, anasema kesho atangulie yeye. Anasema nimechoka, nimfuate tu, ataniitia."

Mwanamke mzee alishika fremu ya mlango. Mwanawe alikuwa hajatangulia hata siku moja, hata kwenda mezani. Na nje, upande wa pili wa ukuta, ambako hapakuwa na mtu, kitu kikavuta pumzi fupi kama mtu aliyepanda mlima.

Mama mkwe hakungoja kuche. Alimburuta jioni ile ile kwa mganga, mwanamke mpana aliyekaa nyuma ya stendi, akitibu watu huku televisheni yake imewashwa.

"Punguza sauti basi, mama," alisema mama mkwe.

"Tamthilia iko pazuri," mganga akajibu. Lakini aliponusa nguo za Kengele aliizima. "Lini ulianza kumwita?"

"Sikumwita yeye. Niliita mzizi."

"Na nyuma yako kulikuwa na nani?"

Kengele akatazama mlango.

"Majini ya njiani hayana sauti zao, mwanangu. Yanaazima. Ukiita mahali ambapo hakuna wa kukujibu, umeyaachia mlango wazi. Sasa linataka kutangulia. Unajua litakakokupeleka."

"Kama ni yeye mwenyewe je?"

Mama mkwe aliinamisha kichwa. Hata yeye, moyoni, alikuwa anauliza hilo hilo.

"Unalo jambo alilolijua yeye tu?" mganga akauliza. "Usinitajie. Nenda nalo."

Asubuhi Kengele alikataa kufuata. "Leo bado natangulia mimi," alisema kwa hewa ya nyuma yake, akapanda. Kabla ya korongo moyo ulikuwa unampiga kuliko siku ya posa yake. Njia ilikuwa wazi, haina kitu. Akapaza sauti.

"Simba!"

Gurudumu la nyuma liliendelea kulia. Tik-tik-tik. Akangoja. Sema, aliomba, sema mume wangu, sema nikufuate popote.

"Nimeona," sauti ikajibu.

Hapo ndipo alipofiwa kwa mara ya pili. Alifika kazini akapiga pasi mashuka mpaka mkunja mashuka akamnyang'anya pasi, maana alikuwa anaunguza.

Dawa ya mganga, waliporudi kwake, haikuwa na moshi wala hirizi. "Ipite njia yote kimya. Usiite, usijibu, usigeuke. Likikosa mwito halina pa kushika. Na baada ya hapo, kwenye njia hiyo usifungue mdomo tena maisha yako." Alimtazama kwa huruma. "Najua jina lako. Najua nakuomba nini."

Mama mkwe alimsindikiza hadi mwanzo wa msitu, akambana mikononi kwa nguvu. "Nimeshazika mmoja," alimwambia. "Usinifanyie hivyo."

Mzizi wa kwanza aliupita amebana meno. Nyuma kukawa kimya. Mzizi wa pili, jiwe, dimbwi la tope. Halafu sauti ikaanza, taratibu, kama mtu aliyeshtuka usingizini.

"Mbona huiti, Kengele?"

Akakanyaga pedali.

"Mke wangu, mbele kuna nini? Niambie, sioni, ukungu umenijaa machoni, na wewe ndiye macho yangu, ulikuwa unaniambia jiwe na mimi nalikwepa, unaniambia mzizi na mimi naukwepa, nimekukosea nini leo hata uniache nipite gizani peke yangu, niite hata mara moja, sema neno moja tu nijue uko hapo, Kengele, njia inakwisha, nasikia maji chini, nasikia njia inakwisha!"

Machozi na kamasi vilimtiririka mpaka kwenye usukani, mikono ikamteleza kwenye breki, harufu ya majivu mabichi ikamkaba koo, na pumzi ile fupi sasa ilikuwa shingoni kwake, inamgusa nywele, na ukingo ulioliwa ukawa unamjia, na neno lenyewe lilikuwa limeshajaa kinywani, zito, tayari kutoka, akauma ulimi mpaka akaonja damu, akapita.

Nyuma yake breki zikalia. Mawe yakaporomoka. Kitu kikaanguka, kikaanguka, kikaanguka.

Kisha msitu ukatulia na harufu ikaondoka. Ndege wakaanza.

Hapo ndipo aliposikia. Sauti haikutoka nyuma. Ilitoka chini kabisa, ndani ya korongo, dhaifu, ya mtu aliyekuwa anajibu siku nyingi na kila mara mwingine anamfunika.

"Mkaribishe chai."

Kengele alifungua mdomo. Mungu anajua alivyoufungua. Alikumbuka mikono ya mama mkwe, alikumbuka mlango uliokuwa umeachwa wazi, akaufunga. Akamaliza njia iliyobaki bila kumjibu mumewe.

Kwenye ukuta wa chumba cha uani baiskeli ya marehemu haijapata tope tena. Kengele ananenepa kidogo kidogo. Kazini bado ana mdomo, na mkunja mashuka bado anamchunguza. Lakini msituni hupita kama bubu, na kwenye begi lake la mgongoni kuna chupa ya chai, na kikombe na sahani alivyovifunga kwa kitambaa visivunjike. Afikapo korongoni anashuka, anamimina, anaweka ukingoni, anapanda tena. Neno hata moja hatoi.

Jioni akirudi chai haipo. Watu waliojua walisema ni nyani tu, msitu ule umejaa nyani. Mama mkwe naye alisema hivyo hivyo, mpaka siku aliyomsindikiza akaona kwa macho yake, akaketi chini pale pale kwenye tope, akalia kwa sauti mpaka mkwewe akamziba mdomo kwa kiganja.

Kikombe kilikuwa kimefunikwa kifudifudi kwenye sahani.