Inua Macho, Nyawira

Kila asubuhi mama yake Nyawira aliwasha taa ya chumbani, akaizima, akaiwasha tena, mpaka binti yake akatoa kichwa ndani ya blanketi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kengele yao tangu Nyawira apoteze uwezo wa kusikia. Akijitia kutoiona taa, mama alivuta blanketi, na jambo hilo halihitaji masikio. Kisha ilikuwa chai, mkate, viatu, na mwendo wa haraka kwenda shuleni hapo Ruiru, mkoba mgongoni na mpira wa voliboli kwapani.

Mpira huo aliuleta kutoka Kamenu, kule Thika, walikoishi zamani. Huko Nyawira alikuwa nyota. Akianzisha mpira, wenzake walishangilia hata kabla haujavuka wavu. Kisha, akiwa gredi ya tano, akashikwa na homa ya uti wa mgongo. Alilazwa hospitalini, akapona, lakini sauti zote alizozijua zikabaki kule wodini. Wazazi wake wakahamia Ruiru, karibu na shule yenye darasa la viziwi, ili ajifunze lugha ya ishara.

Alijifunza haraka, maana Nyawira hakuwa mtoto wa kushindwa na kitu. Hata hivyo, wanafunzi wenzake walikuwa pamoja tangu chekechea, na mikono yao ilikimbia. Wakati wa chakula cha mchana mmoja wao alisimulia kisa, meza nzima ikacheka, naye Nyawira akacheka baadaye kidogo, bila kujua anacheka nini. Kule Kamenu watoto walikuwa wameanza kumwita kiziwi. Huku Ruiru, kwa kuwa bado alipenda kusema kwa mdomo, walimwita yule anayesikia. Alijiona kama popo, ndege wanamkana na wanyama wanamkana. Iliuma, tena iliuma sana.

Uwanjani ndiko alikosahau hayo yote. Kocha wao aliitwa Wamalwa, fundi wa kuchomelea milango ya chuma, kiziwi tangu utotoni. Kila jioni alifunga karakana yake mapema ili aje kuwafundisha. Uso wake ulizungumza pamoja na mikono yake: nyusi zikipanda, ujue ameuliza swali, mashavu yakijaa, ujue anataka mpira upigwe kwa nguvu.

Lakini Nyawira hakuuona uso huo. Alikuwa amelelewa na nyanya yake, Shosho wa Kamenu, na Shosho alikuwa na sheria zake. Mtoto mwenye adabu, mtu mzima akizungumza naye, huangalia chini. Kwa hiyo kila kocha aliposimama mbele yake kumrekebisha, Nyawira aliinamisha macho mpaka kwenye viatu vya kocha. Alivijua viatu hivyo vizuri, hata kamba iliyokatika. Kisha, kwa heshima zaidi, alitikisa kichwa kuonyesha kwamba ameelewa.

Siku ya mwisho ya mazoezi kabla ya kwenda Thika kucheza na shule moja ya huko, kocha alimpa mpango mpya. Akoth, nahodha wao, akiruka kupiga mpira, Nyawira asiruke. Arudi nyuma alinde. Nyawira aliona ishara za kwanza tu, kisha akaangalia chini. Kocha alipunga mkono mbele ya uso wake. Akapiga mguu chini ili amwangalie. Nyawira alihisi ardhi ikitetemeka, akainama zaidi na kutikisa kichwa mara mbili.

Mpira ukapanda. Akoth akaruka. Nyawira naye akaruka, vichwa vikagongana, na Akoth akaanguka akivuja damu mdomoni. Kocha alimwonyesha Nyawira benchi, akamwita msichana mwingine, Ndanu, ashike nafasi yake. Ndanu ndiye angeanza kucheza siku ya mechi. Nyawira alichukua mpira wake akaondoka bila kumuaga mtu.

Kesho yake Akoth alimfuata penye mfereji wa maji, mdomo umemvimba.

"Kesho mimi siendi Thika," Nyawira alimwambia kwa ishara. "Kocha hanitaki kwa sababu mimi si kiziwi kama nyinyi."

Akoth hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. "Kocha amekutoa kwa sababu una kiburi," alijibu. "Akikusemesha, unaangalia chini. Unamfungia mlango."

"Kiburi? Mimi ndiye ninayemheshimu kuliko nyinyi wote. Nyinyi mnamtazama usoni kama rika lenu."

Akoth alimkazia macho, kisha akaangua kicheko mpaka akashika mdomo wake kwa maumivu. "Mimi nikikasirishwa na mama yangu nyumbani, nafumba macho tu," alisema. "Ishara zake zote zinaishia hewani. Kwetu hakuna tusi kubwa kuliko hilo."

Nyawira akavikumbuka viatu vya kocha. Jioni zote hizo, akijiona mtoto mwenye adabu kuliko wote, kumbe alikuwa akimtukana kocha.

"Na ule mpango wa kurudi nyuma," Akoth aliuliza, "uliuelewa?"

Angeweza kudanganya. Mikono yake ilikuwa tayari kudanganya. "Hapana," alisema mwishowe. "Huwa natikisa kichwa ili msinione mjinga."

"Mjinga ni mimi niliyepasuka mdomo kwa sababu ya kichwa chako," Akoth alisema. "Jioni twende kwa kocha."

Walimkuta kocha karakanani, amevaa miwani myeusi, cheche zikiruka. Walisubiri mpaka alipoivua. Nyawira aliinua macho. Shingo ilikuwa nzito na machozi yalimlengalenga, lakini hakuangalia pembeni.

"Kocha, nilikuwa naangalia chini kwa heshima. Ndivyo nilivyolelewa. Tena nilitikisa kichwa na sikuwa nimeelewa. Nimekosa, unisamehe."

Kocha Wamalwa alivua glavu zake polepole. "Hata mimi nimekosa," alijibu kwa ishara za taratibu. "Nilidhani unanidharau, na sikukuuliza. Heshima yako ni nzuri, lakini ilikuwa ikifika kwenye viatu vyangu tu. Mimi husema kwa mikono na uso. Ukiniangalia, umenisikiliza. Na usipoelewa, sema, hata kama ni mara kumi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo." Kisha akachukua glavu. Kabla ya kuzivaa akaongeza, "Ndanu ataanza. Neno langu nimeshalitoa. Wewe njoo na viatu vyako."

Nyawira alirudi nyumbani mwepesi, lakini mama alikuwa na habari nyingine. "Shosho atakuja uwanjani kukuona," alisema, nusu kwa mdomo na nusu kwa ishara. Nyawira akamwaza Shosho, kisha akauwaza uso wa kocha, na chakula kikamshinda.

Siku ya mechi Shosho alikuwa ameketi mstari wa mbele, kitambaa kichwani na kiondo mapajani. Mashabiki wa Thika walipiga kelele na vuvuzela ili kuwatia wageni wasiwasi. Walipiga mpaka wakachoka, na wageni hawakuwa na habari. Kila timu ilishinda seti moja. Katika seti ya tatu walikuwa sawa, Ndanu akachoka, na kocha akamwashiria Nyawira aingie.

Kabla mchezo haujaendelea, kocha aliwaita wakamzunguka. Shosho alikuwa hatua chache tu kutoka hapo, akitazama. Macho ya Nyawira yalitaka kushuka yenyewe. Aliyainua na kuyaacha usoni pa kocha. Mikono ya kocha ilikwenda mbio. Wote wakatikisa vichwa.

Nyawira akainua mkono. "Sijaelewa. Rudia, tafadhali."

Kocha alirudia bila kukunja uso. "Afadhali umeuliza," Ndanu alimwambia kutoka benchi. "Hata mimi sikuelewa."

Mpira ukapanda, Akoth akaruka, na Nyawira akarudi nyuma. Wasichana wa Thika waliuzuia mpira ule, ukampita Akoth juu ya kichwa. Kama si mtu kuwa nyuma, ungeanguka. Nyawira alijitupa akauokoa, na Akoth akaumalizia upande wa pili. Pointi hiyo iliwatia ari, wakashinda seti na mechi. Viziwi wote waliokuwa uwanjani wakainua mikono juu na kuitikisa, ndiyo makofi yao.

Walipokuwa wakila, Akoth alisimulia jinsi alivyopasuka mdomo, akiigiza kichwa cha Nyawira kikija kama tikiti maji. Nyawira alimwomba arudie mahali pamoja, kisha akacheka, safari hii wakati mmoja na wenzake.

Ndipo Shosho akaja, mama akiwa kando yake ili kufasiri. Nyawira alimwona tu, na macho yakashuka kwa mazoea. Akahisi kidole kikavu chini ya kidevu chake kikimwinua uso.

"Nilimuuliza mama yako kwa nini unamkodolea yule mwalimu macho," Shosho alisema. "Amenieleza. Tangu uugue, nikikuongelesha unaangalia chini, nami ninajisifu kwa majirani kwamba mjukuu wangu ana adabu. Kumbe nilikuwa nikizungumza peke yangu."

Mama alipomaliza kufasiri, alifuta macho. Shosho hakuwa amemaliza.

"Tulikufundisha kuangalia chini ili usikilize vizuri. Sasa wewe unasikiliza kwa macho, basi adabu yako ni kuyainua. Na mambo usiyoyaelewa usiyaitikie. Uliza, kama ulivyofanya leo mbele ya watu wote. Anayeuliza hajidhalilishi, anawaokoa hata wenzake."

Shosho alisema haraka, na mama alikuwa bado anatafuta ishara. Nyawira alimtazama nyanya yake usoni, akaona kwa mara ya kwanza jinsi nyusi zake zinavyopanda anaposema.

"Shosho," alisema, "hayo ya mwisho sijaelewa. Rudia."

Shosho wa Kamenu, ambaye hakuwahi kumrudia mtoto neno maishani mwake, akarudia.