Zamu ya Mzee Nurdini

Jumatatu moja mchana, Ummy aliteremka Mtendeni, Tabora, na galoni ndogo ya asali kutoka Sikonge, ambako anashughulikia kompyuta za chama cha wafugaji nyuki. Alikuja kumtoa mama yake eda. Zilibaki siku tatu kutimia miezi minne na siku kumi tangu baba yake, Mzee Nurdini, azikwe, na ndugu walishaanza kuulizana nani ataleta mchele. Mama yake, Bi Sikuzani, aliitikia shikamoo yake kwa sauti ndogo, akachovya kidole kwenye asali, akalamba, akasema haina ladha. Ummy akalamba naye. Ilikuwa tamu kama kawaida.

Marehemu alikuwa fundi wa redio na televisheni, mtu asiyekubali kutupa kitu. Kompyuta kuukuu iliyokataliwa na ofisi moja aliifufua kwa Linux, programu ya kuendeshea kompyuta, kwa sababu Linux haiuzwi, akaiweka chini ya televisheni katika nyumba ile ya kuta nene aliyoijenga babu yake, aliyekuja na msafara kutoka Ujiji asirudi tena. Ndani ya mashine hiyo mlikuwa na filamu, kaswida, picha za harusi za ukoo mzima, na emuleta, yaani programu zinazoifanya kompyuta ijifanye mashine ya gemu ya enzi zile. Kila siku baada ya alasiri yeye na mkewe walikaa mkekani, kila mmoja na padi yake, kile kidude cha vitufe cha kuongozea gemu, wakicheza gemu moja tu, ya ndege ndogo inayovuka milima. Gemu hiyo ni ya zamu. Wa kwanza akianguka, wa pili anaruka; asipoanguka, mwenzake atasubiri mpaka achoke. Bingwa alikuwa mama, na mzee hakuisha kulalamika kwamba kaoa rubani asiyejua kutua.

Alasiri ile Bi Sikuzani alijikokota hadi sebuleni akaiwasha kompyuta. Ummy alifurahi, mjane naye aburudike kidogo. Mama akaiweka padi ya pili upande wa kushoto wa mkeka, mahali pa mzee, akarusha ndege yake. Kwenye mlima wa kwanza, ambao hata mtoto angeuvuka, akaibamiza makusudi.

Ikafika zamu ya pili. Ndege ikaruka.

Ummy alidhani kompyuta inajichezea. Kisha akaiona ndege ikishuka karibu iguse maji, ikalaza bawa la kushoto kabla ya kuingia pangoni. Aliyekuwa akiruka hivyo ni mtu mmoja tu. Akatazama mkekani. Vitufe vya padi ya pili vilikuwa vinabonyea. Taratibu. Kimoja kimoja.

"Mama, nani anacheza?" alinong'ona.

"Mwache amalize zamu yake."

Wakikunja mkeka, mama alimweleza yote bila woga. Wiki ya pili ya eda aliiwasha mashine kwa upweke, machozi yakamziba macho, akaanguka. Mumewe akaruka. Tangu hapo anaanguka makusudi, mara tatu kila siku, kwa kuwa kila mchezaji ana ndege tatu. Ila kadiri alivyozidi kuanguka, vitu vilimtoka kimoja kimoja. Ladha kwanza, kisha harufu, kisha vidole viwili vya mkono wa kulia, kisha sikio. Hospitali walimpima damu na presha wakasema yuko sawa. Eda ikiisha, alisema, hatakuwa tena na haki ya kumsubiri, kwa hiyo siku ya mwisho atampa vyote vilivyobaki. Ummy alielewa vilivyobaki ni nini.

Jumanne, katikati ya mchezo, alichomoa waya wa umeme. Mama yake akaacha kupumua. Ummy aliurudisha waya haraka, ndege ikatokea tena kwenye kioo, na mama akavuta pumzi. Hakuthubutu tena.

Jumatano alasiri, siku ya mwisho ya eda, Bi Sikuzani hakuweza kuketi. Alicheza akiwa amelala ubavu. Ndege ya kwanza ikaanguka, miguu ikafa ganzi. Mzee akaruka. Ya pili ikaanguka, jicho moja likazimika. Mzee akaruka tena. Ilibaki moja.

Ummy akampokonya padi.

Mzee hakuwahi kucheza ikishaadhiniwa magharibi. Hilo ndilo tumaini pekee alilokuwa nalo. Asianguke mpaka adhana. Akavuka mlima wa kwanza. Wa tano. Wa ishirini. Vidole vikamfa ganzi. Pembeni yake padi ya pili ilianza kulia. Tk. Tk. Tk. Hakugeuka.

"Unamnyima baba yako," mama alinong'ona.

Ummy alikuwa akilia kwa kwikwi, na alimpenda baba yake kuliko anavyoweza kueleza, lakini hakuiachia ndege. Tk. Tk. Tk. Ikapita saa nzima. Ikapita ya pili. Halafu muadhini akaita, na padi ikanyamaza. Alipomshika mama mkono, ulikuwa na joto.

Kesho yake Bi Sikuzani alitoka eda kwa miguu yake mwenyewe, akaonja pilau, akasema chumvi imezidi. Watu wakacheka. Ummy akaenda uani kulia. Mashine aliifunga kwenye boksi akaondoka nayo kwenda Sikonge, na padi zote mbili akazifungia kabatini Tabora.

Wiki moja baadaye aliiwasha, akitaka tu kuokoa picha za harusi. Linux huandika kila kinachoipata, na Ummy anajua kusoma maandishi hayo. Ya Jumatano ile yalionyesha kitufe kimoja cha padi ya pili, kile cha kuomba kuanza, kimebonyezwa mara elfu moja mia tisa na kumi na nne. Chini yake palikuwa na Alhamisi. Na Ijumaa. Na Jumamosi. Kila siku, toka alasiri hadi magharibi, siku ambazo mashine ilikuwa ndani ya boksi bila umeme.

Simu ikaita. Alikuwa mama yake, akiuliza kwa sauti nzima, sauti ya mtu aliyepona.

"Ummy, siku ile baba yako alikuomba zamu?"

Ummy alitazama saa. Alasiri ilikuwa imepita kidogo.

"Hapana, Mama. Alinyamaza tu."

Mbele yake, kwenye kioo, mstari mpya wa padi ya pili ulikuwa unaandikwa.