Ugoro wa Barazani kwa Cucu Wakarima

Kila jioni, baada ya kuchota maji na kuosha vyombo, Kageha aliketi na mamake kwenye baraza la Cucu Wakarima, bibi mzee mwenye ploti ya vyumba vya kupangisha walimoishi, mtaani Kawangware. Mwaka huo wa 1978 hakukuwa na baraza lililojaa habari kama hilo. Nani kahama bila kuaga, nani kapata kazi mtaa wa Ayany, bwana wa nani kaonekana wapi na amevaa nini: yote yalichambuliwa hapo huku wanawake wakisukana nywele. Kibati cha ugoro nacho kilizunguka. Kila mmoja alichota kidogo, akanusa au akaweka chini ya mdomo, kisha akampa jirani. Aliyekipitisha bila kuchota aliitwa mwenye maringo.

Mama Kageha hakukipitisha kamwe. Alikuwa na mimba ya miezi sita na jino bovu, na alisema ugoro ndio uliomtuliza.

Siku moja ya likizo, Kageha alimsindikiza kliniki. Sista Magdaline, mkunga, alimpima tumbo kwa utepe, akarudia, akakunja uso.

"Mama, mtoto huyu ni mdogo kuliko miezi yake. Unakula vizuri?"

"Nakula, sista. Ugali, sukuma, hata maharagwe."

"Unakunywa pombe? Unavuta sigara?"

Mama alicheka. "Mimi, sigara? Mimi ni mtu wa kanisa, sista."

Hakuwa akidanganya. Kwao sigara ilikuwa mambo ya wanaume na ya baa. Ugoro ulikuwa ukarimu tu. Sista akaanza kuandika kwenye kadi.

Kageha aliitazama ile kalamu. Mwaka uliopita mama alijifungua kabla ya siku zake, na mtoto hakumaliza wiki. Kageha ndiye aliyekunja vile vinguo vidogo na kuvirudisha sandukuni. Alijua kumsema mama mbele ya watu ni kukosa adabu, na kofi lingemsubiri nyumbani. Lakini vinguo vile hakutaka kuvikunja mara ya pili.

"Sista," alisema, "mama havuti sigara, lakini anatumia ugoro. Kila siku."

"Kageha," mama alisema polepole, "tutaonana nyumbani."

"Usimguse," Sista Magdaline alisema. "Amenisaidia. Ugoro ni tumbaku iliyosagwa, mama. Hata bila moshi, sumu yake inaingia kwenye damu, na mishipa inayompelekea mtoto chakula inabana. Anabaki mdogo, au anazaliwa mapema, au anazaliwa amekufa. Na wewe mwenyewe unaweza kupata saratani ya mdomo. Jino nenda likang'olewe."

"Na yule wa mwaka jana?" mama aliuliza.

"Siwezi kusema ugoro ndio uliomuua. Lakini haukumsaidia."

Mama alifuta macho kwa leso. Nyumbani hakukuwa na kofi.

Jioni kibati kilipomfikia, alikipitisha.

"Leo tumekuwa wazungu?" Akoth, jirani yao, alimtania, na baraza zima likacheka.

"Cheka tu, Akoth. Nikimzaa huyu mzima tutacheka wote." Akawaeleza maneno ya sista.

"Mimi nimezaa saba nikinusa huo huo," Cucu Wakarima alisema.

"Na ulizika wangapi, Cucu?"

"Watatu," Cucu alijibu. Akakifunika kibati. "Mwenye mimba asipewe tena hapa kwangu."

Siku za kwanza zilikuwa ngumu. Mama aliumwa kichwa, akafoka kwa jambo dogo. Siku ya tatu alimwita Kageha pembeni. "Niombee ugoro kidogo tu kwa Cucu."

"Siendi, mama." Kageha akamletea njugu atafune kwa upande usiouma, akaketi naye mpaka hamu ikapita. Ndivyo walivyofanya siku iliyofuata, na iliyofuata tena.

Mtoto alizaliwa mwezi wake ulipotimia, akiwa na kilo tatu na sauti iliyosikika ploti nzima. Akina mama wa barazani walijaa chumbani hadi mlangoni.

"Kageha," mama alisema mbele yao, "muuguzi hutibu kile anachokijua. Mimi nilificha bila kujua nimeficha, nawe ukasema. Tumbaku haijali kama ni ya moshi au ya unga, wala kama unaenda kanisani. Sasa nawa mikono, uje umbebe ndugu yako."